Mgeni wa Ubeti wa Tatu

Albamu yako, Tarvell Oakes, haipo.
Nimeiulizia katika maduka yote ya Toledo
hadi wenye maduka wakaniona kama mdai.
Kilichopo ni jina lako mgongoni mwa kazi za wengine,
herufi ndogo kama maelezo ya dawa,
baada ya maneno "akishirikiana na".

Wenyewe huanza. Ubeti wa kwanza hutamba,
wa pili huhema.
Halafu ngoma inapungua, besi inajikunyata,
kama sebule yenye watu iliposikia hodi,
na wewe unaingia bila kufuta viatu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Waliotunga methali hiyo hawakuijua Ohio,
wala theluji chafu ya Mtaa wa Dorr.
Sijui waliisikia wapi sauti yako.

Ivory Teague alikuwa na wimbo wa magari,
dakika tatu za rimu na viti vya ngozi.
Ukaja, ukakaa kiti cha nyuma,
ukamtaja mama yake kituoni, akisubiri basi namba tano
na yale magoti yake mabovu.
Basi. Hukumtukana mtu.
Ivory alitoka studio akaketi kwenye ngazi, baridi yote ile.
Sisemi aliuza gari.
Nasema tu, kuanzia Jumapili hiyo
mama alikwenda kanisani amekaa mbele.

Na wale mapacha wa Flint, kina Crume,
waliokutumia nauli pungufu:
ulikwenda na lori la kazini,
vioo kumi na viwili vya magari vikigongana nyuma yako
njia nzima, taratibu, kwa woga.
Sikiliza ubeti ule tena.
Kila silabi inashikwa kwa mikono miwili.

Mimi ndiye niliyekuwa kwenye mashine.
Kidole changu kwenye kitufe chekundu,
lugha yangu ya nyumbani chini ya ulimi,
nikahesabu mistari yako kwa hesabu niliyokuja nayo:

Kumi na sita mizani, ndivyo walivyohesabu
washairi wa zamani, waliotunga kwa tabu;
nawe ghorofa ya chini, pasipo hata kitabu,
ukafika kwa kughani, walikofika mababu.

Ukamaliza, ukavua vipokea sauti,
ukauliza kama kuna kahawa iliyobaki.
Ilikuwepo, ya tangu asubuhi. Ukainywa.

Odessa Pruitt wa kwaya alikulipa kwa sahani ya kambare.
Yule kijana Keyon hakukulipa kitu,
ulimpa ubeti uliomzidi kimo
ukamwambia atakua, utamtosha.
Na kwa marehemu Roshawn Bibbs uliacha mistari minne tupu,
ngoma ikipiga peke yake,
mahali ambapo yeye angekujibu.
Kampuni ilitaka niikate ile nafasi.
Niliwaambia mashine imeharibika.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
wewe ubeti wa tatu ulifika na jembe lako,
ukalima shamba la mtu hadi mpakani,
ukaondoka kabla ya mavuno.

Niseme kosa langu.
Majuzi usiku nilizichomoa beti zako zote,
arobaini na moja, nikaziunga pamoja,
ili iwepo, hatimaye, albamu.
Nikazima taa nisikilize.
Nikasikia mtu anaingia,
anaingia tena, anaingia,
na nyumba hakuna.

Basi nikawarudisha wote. Mapacha na mzozo wao,
Odessa anayechelewa kuingia kwenye kiitikio,
Keyon na sauti yake iliyokuwa bado inavunjika,
hata Ivory na rimu zake, dakika zote,
nikangoja gizani kama wao,
besi ijikunyate,
nisikie mlangoni
viatu vyako vyenye theluji.