Karani wa Mizani

Msimu ukifunguliwa napima korosho, ghala la ushirika, Tandahimba.
Gunia likipanda najua kabla mashine haijasema:
hili limelazwa na maji usiku,
hili lina kokoto chini,
hili, mara chache, ni korosho tupu;
ukilitikisa zinagongana kavu, kakaka.

Siku ile ghala lilikuwa bado halina magunia.
Wakapanga watu. Mdahalo wa udiwani.
Viti vya plastiki vya kukodi, vya harusi,
kipaza sauti cha kuazima msikitini,
na mwalimu Nampoto ameshika saa: kila mmoja dakika tano.

Akaanza Sadiki Likotimo. Hakuketi, hakushika karatasi.
Alimwamkia bibi wa mstari wa mbele kwa Kimakonde cha jikoni
hata bibi akajifunika uso kwa kanga, anacheka.
Kisha akatulia. Akatuacha tumngoje. Akasema:

*Wenye ghala wamelala, ninyi mwalala na njaa,
Korosho ni zenu ila wengine wanazitwaa,
Nikipita sitalala, nitawawashia taa,
Mkono wangu ni jembe, haujui kukataa.*

Vigelegele vikapiga bati.
Nami, kwa mazoea ya kazi, nikahesabu kwa vidole:
nane kwa nane, hakuna silabi iliyopungua.
Mizani imetimia, nikasema moyoni.
Mizani ya nini, sikujiuliza.

Akafuata Somoe Nambunga
na daftari la mwanawe, nyuma yake hesabu za kugawanya.
Kipaza sauti alikiweka mbali, halafu karibu mno; kikapiga yowe.
Alisema "eee" mara kumi na moja. Hizo nazo nilizihesabu.
Alisema pampu ya pili ilikufa Machi.
Alisema si pampu nzima, ni, eee, kifaa kidogo cha ndani,
akataja bei yake, na duka la Masasi kinakouzwa,
na tarehe za barua nne, na nani alizipokea.
Alisema: barabara siwezi. Diwani hana fedha ya barabara.
Naweza kuidai tu.
Kijana akapiga mwayo mrefu, watu wakacheka.
Saa ikamkata katikati ya namba.

Likotimo akaomba nusu dakika. Akapewa.
"Dada yangu huyu," akasema, "angefaa sana kuwa karani!"
Ghala likapasuka kwa kicheko.
Nilicheka.
Mimi.

Njiani Bi Esha Nandonde akaniambia:
"Yule mama anajua. Lakini akifika kwa wakubwa
aanze eee, eee, nani atamsubiri amalize?"
Sikuwa na jibu. Sina hata leo.
Kinywa nacho ni chombo cha kazi,
na sisi huku tumeshapeleka wakweli wengi
wakarudi na ukweli wao mfukoni, umekunjwa vilevile.

Siku ya kura nilisimama na kalamu nyuma ya boksi.
Nilitafuta kichwani bei ya kile kifaa: haipo.
Duka la Masasi: haipo picha yake.
Njaa, wanazitwaa, taa, kukataa:
zote zilikuwepo, zimejipanga, zinaningoja.
Nikatia tiki.

Alishinda. Kwa kura ngapi, sikuuliza,
mimi ambaye kazi yangu ni kuuliza ngapi.

Sasa ni Novemba. Ghala limejaa vumbi na sauti.
Mkulima mmoja ananisifu macho, ananisifu ukoo,
gunia lake linanuka maji.
"Liweke chini, kaka. Nyamaza kidogo, mashine isome."
Nikamrudishia akalianike.

Nyuma yake kwenye foleni, Somoe.
Hakunisalimu kwa maneno mengi.
Nikasoma: hamsini na tisa. Nikaandika.
Akafungua daftari lilelile, akasita, akanitazama.
"Eee, karani... umeacha nukta sita."

Nikainama kwenye kioo.
Nilikuwa nimeiacha.