Hodi Kwenye Nyumba Yangu

Geti hili nililipaka rangi mwenyewe, bluu,
mwaka ule zabibu za Mpunguzi zilipopata bei.
Leo nimesimama nje yake, Ilazo,
ufunguo mkononi kama mwizi aliyechelewa.
Hauingii. Kitasa ni kipya,
kinang'aa kuliko kitu chochote mtaani.

"Bwana Nsajigwa, hodi!"
Pazia likatikisika, likatulia.
"Nipo na fundi Chiwanga, ana spana na tepu."
Redio ikapunguzwa sauti.

Chini ya geti maji yanatoka.
Dodoma hii, mwezi wa kumi,
ndoo zimepanga foleni na vumbi lina haraka,
maji yangu yanatembea barabarani peke yake
yakimwagilia mbigiri,
na bili ina jina langu.
Ukuta wa choo umevimba. Nimeuona kwa jirani,
juu ya ngazi. Ndiyo, nilipanda ngazi,
bibi wa miaka sitini na miwili.

Mjumbe alivaa miwani, akausoma mkataba,
kidole kikitambaa kama siafu:
"Mwenye nyumba anaruhusiwa kukagua..."
Nikapiga kofi. "Umeona!"
"...kwa taarifa, na kwa saa zinazofaa."
Akavua miwani. "Ulimpa taarifa, Mama Ndahani?"

Sikumjibu. Kuna Jumanne moja siisemi.
Yeye alikuwa kazini, mimi na ufunguo wa akiba.
Nilikwenda kuangalia dari.
Dari niliiangalia dakika moja.
Kisha nikafunua sufuria,
nikahesabu viatu vya kike mlangoni,
nikasoma barua ya hospitali hadi kwenye mhuri.
Nikafunika, nikafunga, nikaondoka,
mtandio wangu nikausahau kitini.

Ulirudishwa umekunjwa, ndani ya mfuko, bila neno.
Kesho yake, kitasa.

Nyumba ni yangu, kila tofali nalijua lilipopasukia.
Lakini kodi ile ya miezi sita niliyoihesabu mara mbili,
nilichomuuzia hasa
ni mlango unaofungika.

Chiwanga anaangalia saa.
Nachana karatasi kwenye daftari la vikoba:
*Jumamosi, saa nne asubuhi. Mimi na fundi.
Bomba la choo tu. Usipoweza, taja siku.*
Na chini, kwa herufi ndogo:
*Sufuria sitagusa.*

Naipenyeza juu, penye bawaba, isilowe.

Ndani redio inazimwa.
Nasikia kandambili zikija, chwa, chwa, kwenye maji,
zinasimama
upande wa pili wa rangi yangu ya bluu.