Picha ya Kumi na Nne

Somo la tatu: ubora wa samaki.
Nilipandisha mtandaoni picha ishirini na moja,
nimezipiga mwenyewe Mwaloni, Kirumba,
kabla jua halijawa kali,
nikajipongeza kwa chai na sambusa mbili.

Jumatatu Misoji Lugendo akaniita kwenye dawati lake.
"Mwalimu, sikia ninachosoma."
Akachomoa waya wa masikioni,
na ile sauti ya kompyuta, isiyohema, isiyomeza mate, ikasema:
*Picha. Di-esi-si, sifuri, sifuri, nne, moja.*
*Picha. Di-esi-si, sifuri, sifuri, nne, mbili.*
Mpaka ya ishirini na moja,
kama karani anayeita majina ya waliohama.

Sikuwa na la kusema.
Dirishani kongoti wawili waligombea utumbo.

Usiku, Nyegezi. LUKU imebaki uniti nne,
usubi wa ziwa umetanda kwenye kioo,
nukta tupu, hakuna sentensi.
Nikafungua kile kisanduku kilicho chini ya kila picha,
nilichokiruka miaka miwili,
nikaandika: *Picha ya samaki mezani.*

Jibu lake lilikuja kwa sauti, sekunde tisa:
"Neno picha mashine imeshalisema. Samaki gani?
Mama ameuza sato miaka kumi na sita.
Mwambie 'samaki mezani', atakuuliza:
unanunua, au unapita tu?"

Nikafuta. Nikakodoa.
Macho mazima haya, na sikuwa nimeangalia.
*Sangara. Kifuniko cha shavu kimeinuliwa kwa kidole gumba.
Matamvua mekundu, ute mwepesi. Jicho limetuna, halina ukungu.*
*Sangara wa pili. Matamvua rangi ya majani ya chai
yaliyochemshwa jana. Jicho limezama.*

Niliogopa kutaja rangi. Akasema, "Taja.
Ninazo. Nilitoka nazo nikiwa na miaka sita,
surua ikachukua mengine."

Ua la kupamba ukurasa akataka niliache tupu, lipite kimya:
"Usinisimamishe njiani kunionyesha pazia."
Grafu ya barafu na saa ikanitoa jasho:
mstari umelala hadi saa ya sita,
kisha unapanda kama njia ya kwenda Bugando.
Na kwenye jaribio nikapitiliza, nikaandika *samaki aliyeoza*.
Alicheka hadi akakohoa. "Ahsante, mwalimu,
alama tano za bure!"
Nikarudi. Niseme ninachokiona,
ninachokijua nikiweke mfukoni.

Ikabaki ya kumi na nne. Ziara yetu,
mawe nyuma, kivuko cha Kamanga kwa mbali.
*Wanafunzi kumi na mmoja ufukweni*, nilikuwa nimeandika.
"Na mimi nipo wapi humo?"

Umeme ulishakatika. Nikaikuza kwenye simu.
*Misoji ni wa tatu kutoka kushoto.
Wenzake wanatazama kamera. Yeye amegeukia ziwa,
kidevu juu, kitenge kimejaa upepo,
kiatu kimoja mkononi.
Anacheka. Sababu haionekani.*

Akaisikiliza. Akairudisha nyuma, akaisikiliza tena.
"Kiatu kiliingia kokoto," akasema. "Iongeze."

Kokoto haimo kwenye picha.
Nimeiongeza.