Nyota Nne kwa Sungura wa Theluji

Nimemnunua Jumanne, kroni mia na arobaini,
bei ya supu na mkate kwenye kantini ya hospitali
ninakofua mashuka.
Jina lake la dukani: Sungura wa Theluji, toleo la tatu.
Mtengenezaji: Yngvar fulani wa Tromsø,
ambaye hakuweka picha yake, kaweka ya buti.

Nianze na manyoya, maana wengi huanzia hapo.
Ni mazuri. Upepo wa dunia pepe ukipita
yanalala upande mmoja,
kisha yanainuka, si yote kwa pamoja.
Hilo la "si yote kwa pamoja" ndilo nililolilipia.
Mkia, sawa. Kuruka, sawa kwenye tambarare;
kwenye ngazi anatetemeka
kama mashine ya kufulia iliyopakiwa vibaya.
Kimo kimezidi: nilipoingia maktaba
masikio yalitoboa dari, yakabaki ghorofa ya juu
yakichungulia watu wanaosoma.
Wahenga walinena sikio halipiti kichwa.
Yngvar hakuwapo siku hiyo.

Sasa, masikio yenyewe.
Mimi ni kiziwi. Nimeliweka hili katikati, si mwanzoni,
kwa sababu ninamkagua sungura, sijikagui.
Sikio halilali njaa, husema wenye kusikia.
Yangu yamefunga mwaka wa thelathini na nne huu
wala hayajaulizia futari.
Lakini huyu, mtu akisema nyuma yake,
sikio linageuka lenyewe.
Ninaliona kwenye kivuli changu juu ya theluji.
Jumatano usiku, katikati ya soko la Krismasi la kubuni,
la kulia lilipinda ghafla. Nikageuka.
Mbwamwitu wa zambarau alikuwa akiniita,
sijui tangu lini.
Huku nje, Trondheim, hakuna aliyehesabu
ni mara ngapi nimeitwa
nikaendelea kutembea.

Ila mikono!
Yngvar, mikono.
Umempa soksi mbili zilizojazwa pamba.
Lugha yangu iko vidoleni.
Umenipa masikio nisiyoyaomba, ukanikata ulimi,
ukaniacha nimesimama thelujini, mrembo,
sina la kusemea.
Na hata sungura wa porini ana vidole vitano mbele.
Nimehesabu.

Rafiki yangu Hallfrid anaishi Bodø.
Tulisoma shule moja, tuligombana kwa ishara chini ya dawati.
Naye alimnunua huyuhuyu bila kuniuliza,
kwa hiyo Alhamisi tulikuwa sungura wawili kando ya ziwa,
tukitazamana kama wageni kwenye lifti.
Kuna kitufe kidogo, maelezo yanakitaja mara moja tu,
cha kuinamisha masikio kwa mkono.
Akainamisha moja. Nikainamisha langu.
Akainamisha yote mawili, akakunja ncha,
na papo hapo nikamjua: mwalimu wetu wa hisabati,
na ile kofia yake!
Nilicheka hadi jirani wa chini akagonga bomba.
Nadhani aligonga. Nilihisi kwa nyayo.

Kufikia saa nane usiku tulikuwa na maneno kumi na moja.
La "acha", la "njoo", la "muongo",
moja la kuomba msamaha ambalo Hallfrid alilitumia mara mbili
kwa jambo la mwaka juzi.
La "ndiyo" lilikuja mwisho. Hatukuwa tumelihitaji.

Basi, kwa anayetaka kununua: nunua,
ila usipande ngazi.
Kama unasema kwa mikono, nunueni wawili,
na mjipe usiku mzima.
Nyota nne.
Ya tano ninayo mfukoni, Yngvar,
unajua ninachosubiri.

Nyongeza, Jumapili:
dari la maktaba limerekebishwa.
Vidole, bado.