Mwezi Unapopungua

Saa kumi alfajiri mama alinivuta kidole gumba cha mguu.
Hakuniita jina. Jina huamsha mbwa, mbwa huamsha mtaa,
na bonde lote la Quindío lingejua Rosalba Cifuentes
anakwenda kukata mianzi tena, mwezi umebaki ukucha.

"Saa hizi maji yamelala mizizini," alinong'ona.
"Jua likitoka yatapanda, na mwanzi uliojaa maji
ni karamu ya dumuzi."
Chuoni niliambiwa mwezi hauna habari na mianzi.
Nikamweleza. Akanipa panga nimshikie
afunge kamba za viatu.

Kando ya kijito guadua zilisimama kwa mamia,
nene kama paja la mchukuzi wa kahawa,
kila kifundo kimevaa mkanda mweupe.
Mama hakuwasha tochi, alipapasa:
huyu mchanga, bado ana manyoya ya utotoni;
huyu ameota kuvu, miaka mitano, yuko tayari;
yule mkongwe mwache, wenzake wamemwegemea.
Kisha akagonga kwa mgongo wa panga. Ko.
Sauti isipofika kileleni, tunasonga mbele.

Kata juu ya kifundo, karibu kabisa.
Ukiacha kikombe, mvua itakijaza,
maji yatachacha, uozo utashukia ukoo mzima.
Mwaka wangu wa kwanza niliacha kikombe.
Alirudi peke yake na msumeno, kilomita mbili.
Hakusema; niliona unga wa mwanzi mabegani mwake.

Jirani yetu Don Arnulfo alijenga kwa saruji, ghorofa mbili,
nguzo zimechorwa mistari zifanane na marumaru.
"Mwanzi ni mbao ya maskini," alitupia juu ya ukuta.
Mama alikuwa akikanda udongo na mavi ya farasi
akandike kuta zetu. Mikono ilikuwa na kazi,
na mdomo ukafuata mikono.

Ardhi ilipotikisika ilikuwa mchana, wali uko mezani.
Nyumba yetu ilipiga yowe, vifundo vyote pamoja,
ikainama upande wa kanisa, ikarudi,
ikainama upande wa mto, ikarudi,
kama mlevi anayeijua njia ya kwake.
Udongo ulidondoka, kuta zikabaki mbavu tupu.
Sahani saba. Picha ya baba. Basi.

Ng'ambo ya ukuta, saruji haikujua kuinama.

Arnulfo tulimtoa jioni ile ile, mweupe kwa vumbi.
Doña Edelmira, mkewe, tulimtoa kesho yake.
Usiku kumi na moja alilala sebuleni kwetu
ameukabili ukuta, kidole kikipita
pingili, kifundo, pingili, kifundo,
kama anayesali rozari aliyosahau maneno yake.
Mama hakumkumbusha lolote. Alimwekea kahawa,
na sukari, maana alijua anapenda.

Usiku wa kumi na mbili aliuliza gizani:
"Rosalba, mwezi utapungua lini?"

Mpaka leo habari za mwezi siziamini.
Lakini magoti ya mama yameukataa mteremko,
na panga lake ni zito kuliko nilivyodhani.
Saa kumi namvuta mwanangu kidole gumba,
ananung'unika, anatafuta kiatu kimoja.
Kijitoni nagonga. Ko.
Tunanyamaza wote wawili, tumeinua shingo.