Herufi Tano

Bibi Keturah Vowles aliandika kwa chaki
juu ya kreti la kwanza la mwezi wa saba
herufi tano: R, A, T, H, E.
Mkono ulimtetemeka kwenye H tu.
Makreti mengine yote aliyaandika babu,
na babu aliandika bei.

Nilikuwa na miaka minane. Nikauliza: husomwaje?
Akalitamka, ulimi katikati ya meno, ukivuma.
Usiisome th ya thumni. Ni dh ya dhahabu,
na ile E ya mwisho haisemi kitu,
imejilaza mlangoni kama mbwa mzee
anayewajua wageni wote.

Na maana yake?
Akanikatia kipande cha tufaha kwa kisu cha kupogolea,
upande mmoja bado kijani, ukali wake ukanifumba jicho.
"Lililowahi," akasema.
"Shamba zima la Somerset limelala,
hili limeshavaa viatu."

Nikalipeleka neno shuleni ndani ya insha.
Bwana Pocock akalikata kwa wino mwekundu,
akaandika pembeni: Hakuna neno hili.
Ulitaka kusema *rather*?
Nikalifuta. Chaki ya bibi ingefanya nini
mbele ya wino wa mwalimu?

Sikujua, wala yeye hakujua,
kwamba alimkana mama
huku amemshika mwanawe mkono.

Maana hapo kale neno lilikuwa na H nyingine, mbele kabisa,
pumzi ndogo, ya mtu anayepuliza kioo cha dirisha
asubuhi ya sakitu.
Lilimaanisha upesi: farasi mwepesi, jibu la papo hapo.
Pumzi ikafutika. Upesi ukapoa, ukawa mapema.
Wakawa watatu: la mapema, la mapema zaidi,
la mapema kupita yote.
La tatu lilikufa, hata sijui lilizikwa wapi.
La kwanza lilibaki na wakulima, kwenye matufaha na shayiri.
La kati ndilo lililokwenda mjini likabadili tabia,
"mapema zaidi" ikageuka "afadhali",
na sasa limejaa kila kinywa, kwenye foleni ya posta,
afadhali chai, afadhali kesho,
afadhali nisiseme ninachofikiri juu ya shemeji yako,
wala halimkumbuki mama.

Haya niliyasoma usiku, nina miaka hamsini na mmoja,
ghorofa ya tatu ya hospitali huko Taunton,
katika kamusi iliyoachwa rafuni
kando ya drafti lililopungukiwa kete nne.
Nyuma ya ukuta, ndani ya sanduku la kioo,
mjukuu wangu. Wiki ya ishirini na tisa.
Njiti, tena njiti kwelikweli,
paja lake lingepita kwenye pete yangu ya ndoa.

Muuguzi alileta kadi ya kubandika.
Jina: bado.
Uzito: kilo moja na gramu arobaini.
Chini yake mstari mtupu, sijui ulikuwa wa nini.
Bryony, binti yangu, alikuwa amesinzia hatimaye,
viatu miguuni.
Nikachukua kalamu, nikaandika herufi tano.
Kwenye H mkono ukanitetemeka,
nikacheka peke yangu, kisha sikucheka.

Muuguzi akasoma, akakunja paji.
"Umesahau R ya mwisho?"
Miaka arobaini na mitatu nilikuwa nalo jibu la swali hilo.
Nikasema hapana, sijasahau.
Nikamweleza kreti, kisu, ukali wa tunda.
Akaitazama kadi yake nyingine,
ile iliyosema *kabla ya wakati*,
akaigeuza uso ukutani, akaenda kwa kitanda kingine.

Nikabaki, kipaji kwenye kioo.
Kifua chake kikapanda.
H.
Kikangoja.
H.