Mvua ya Mawe, Zamu ya Alfajiri

Saa kumi na moja kasorobo, Uvinza bado nyeusi,
nikafunga mlango kwa kamba ya katani,
nikamwacha Eliza amelala, mguu nje ya shuka.
Wingu lilikuwa limekaa juu ya Ruchugi
kama mtu aliyekuja kudai deni
na hana haraka.

Nilijua. Goti la kushoto liliniambia tangu jioni.
Lakini zamu ni zamu,
na daftari la Bwana Kasigwa halina safu ya magoti.

Nilipofika relini, tone la kwanza.
Halikuwa tone.
Lilidunda kwenye taruma, likaruka kama bisi kaangoni,
la pili likanipiga bega, la tatu sikuhesabu.
Nikajifunika beseni kichwani, lile la bluu
lenye kiraka cha plastiki niliyoiyeyusha mwenyewe,
na dunia ikawa ngoma, nami nimo ndani yake.

Nani amewahi kutembea ndani ya ngoma?
Husikii mguu wako. Husikii woga wako.
Ni kana kwamba wafu wote wa ukoo
wamekaa juu ya utosi wako wanapukuchua mahindi.

Mchicha wa mama Nyamwiza ulilala chini.
Mbuzi aliyejibanza barazani pa duka akanitazama
jinsi mwenye akili anavyomtazama asiye nayo.
"Rudi!" mtu akapiga kelele dirishani.
Nirudi wapi? Unga uko mbele.

Kisha nikaona ardhi imegeuka nyeupe:
mabati, nyasi, mgongo wa reli.
Miaka kumi na tisa naipika rangi hii kwa kuni na moshi,
nayabembeleza maji mpaka yakubali kuwa kitu,
na leo mbingu inaimwaga bure,
bila msimamizi, bila mizani.

Nikainama, nikaokota punje moja, nikaiweka ulimini.
Sijui nilitarajia nini.
Ladha ya bati, labda. Ladha ya mbali.
Ikaniachia meno yanauma.

Kiwandani tulikuwa wanne kati ya thelathini.
Moto umezimika. Kuni zinatoka machozi.
Na Zebedayo Ntahondi alikuwa amelala juu ya rundo,
amejitandaza juu ya turubai lililochanika,
mikono huku, miguu kule,
mtu mzima, baba wa watoto saba,
anaizuia chumvi ya mtu mwingine isirudi kuwa maji.
"Shika pembe hiyo," akasema.
Si habari. Si pole.

Nikailalia pembe hiyo.
Mgongoni mawe; tumboni, chini ya turubai,
chumvi ilikuwa bado na joto la jana,
joto kama la mtoto aliyelala,
nikaukumbuka ule mguu nje ya shuka,
nikacheka. Zebedayo naye akacheka.
Hatukuulizana sababu.

Ilikoma ghafla, kama mtu aliyeitwa nyumbani.
Jua likatoka bila aibu.
Weupe wa njiani ukaanza kuondoka,
kwanza mabatini, kisha relini,
ukashuka mtaroni kuelekea Malagarasi.
Wetu ukabaki. Si wote:
ubavu mmoja wa rundo ulikuwa umeliwa,
una vishimo kama uso uliopona ndui.

Bwana Kasigwa akaja, mwavuli wake mkavu.
Akafungua daftari, akaitazama saa,
akaandika mbele ya jina langu:
*amechelewa, dakika kumi na tano.*
Kalamu ikagoma, karatasi ina unyevu.
Akaipuliza. Akaandika tena.

Mimi nilikuwa nimekwisha kuinamia jiko,
nachakura majivu kwa kijiti,
natafuta kaa moja lililo hai.